Flagellum, na mgongo wa Baba Vero

Ijumaa, Kwaresma imefika katikati. Kitengela ni upepo na vumbi tangu asubuhi. Mawingu yanakusanyika huko upande wa Kajiado, yanatuangalia kidogo, halafu yanaenda zao. Nguo nilizoanika nimezitoa kwa kamba zikiwa na rangi ya barabara.

Leo mimi si mzima. Siugui kitu, lakini si mzima.

Wale mnanisoma mnajua nimeishia darasa la sita, kwa hivyo nikikosea mnivumilie kama kawaida. Msichana wangu wa fomu tatu ndiye alinifungulia huu ukurasa kwa simu. Aliniambia, "Mum, wewe unaongeleshanga sufuria. Si afadhali uandike?" Yeye mwenyewe hasomi, anasema haya ni mambo ya wamama. Leo nashukuru Mungu hasomi. Hapa nitamwita Vero, na baba yake nitamwita Baba Vero, na hayo si majina yao.

Baba Vero anajichapa.

Nimeandika hiyo nikafuta, nikaandika tena. Haijapungua uzito. Anajichapa mgongoni na kiboko cha kuswagia ng'ombe, jioni akitoka kazi, ndani ya kile chumba chetu ambacho hatujamaliza kujenga. Si mtu wa pombe. Si mtu wa fujo. Kuku akiingia ndani ya nyumba, Baba Vero anamwambia "toka" kama mtu anaomba ruhusa. Huyo ndiye anajichapa.

Nilianza kushuku kwa sababu ya vesti. Miaka hii yote nguo zake nafua mimi, na hajawahi kujua sabuni inakaa wapi. Halafu mwezi uliopita akaanza kufua vesti zake mwenyewe, asubuhi kabla ya kwenda kazi, na kuzianika nyuma ya tangi la maji. Jirani yangu Mama Njeri akamwona. Huyo mama akiona kitu, ploti yote imeona.

"Mama Vero! Huyu bwana ulimpeleka shule gani? Wangu hata soksi zake anauliza ziko wapi na amezivaa!"

Wamama waliokuwa wanachota maji wakaanguka kicheko. Mwingine akasema, "Tukopeshe huyo wiki moja tu, tutamrudisha akiwa mzima." Nikacheka nao. Nikasema, "Nyinyi mtamharibu, ataanza kuitisha asante." Lakini moyoni nilianza kujiuliza. Mwanaume wa rika lake haamki tu siku moja akapenda karai.

Nilifikiria ni mwanamke. Nikatafuta manukato kwa vesti, nikatafuta rangi ya midomo. Mungu anisamehe, kuna siku sasa natamani ingekuwa mwanamke. Mwanamke ningejua pa kuanzia.

Kisha akaanza kulala na sweta. Kitengela kuna baridi ya asubuhi, sikatai, lakini si ya kulala na sweta mwezi wa vumbi. Nikimgusa mgongo anaruka kama amemwagiwa chai. Jumapili moja akainama kuinua mtungi wa maji, shati ikapanda, nikaona. Mistari. Mingine imekauka, mingine bado.

Sikupiga nduru. Nilishika ule mtungi upande wa pili nikamsaidia kuubeba, kama mtu ambaye hajaona. Kesho yake jioni nikasikia sauti ya kiboko ndani ya kile chumba.

Kiboko chenyewe nilikuwa nakijua. Nilikuwepo kikinunuliwa! Jumuiya yetu ya kanisa ilitutuma Bisil, siku ya soko, tuchague mbuzi wa sherehe ya Krismasi kwa sababu Baba Vero anajua kuangalia meno. Tulipomaliza na mbuzi, akasimama kwa mzee mmoja anauza fimbo na mikanda ya ngozi, akachukua hicho kiboko, akakizungusha mkononi. Yule mzee akamsalimu Kimaasai, "Sopa," kisha akamwuliza, "Uko na ng'ombe ngapi?" Mimi nikajibu, "Ng'ombe gani, baba? Tuko na kuku tu!" Mzee akacheka mpaka akashika kofia. Baba Vero hakucheka. Alilipa akakiweka chini ya koti. Nilidhani ni mambo ya wanaume, kuna vitu wananunua tu vya kuangalia.

Sasa niseme kwa nini.

Mama yake alikufa mwaka jana, huko nyumbani Kakamega. Baba Vero ndiye kitinda mimba, na kwetu kitinda mimba ni wa mama. Nyumba ya mama ni yake, na mama akiwa mgonjwa yeye ndiye anaketi karibu na kitanda. Mama alianza kuumwa na kifua. Kaka zake wakaja na gari wampeleke hospitali, akakataa. Akasema, "Siendi na nyinyi. Nangoja mtoto wangu." Akafunga mfuko wake, akavaa viatu, akaketi kwa kiti mlangoni.

Baba Vero hapa yuko kiwandani Athi River kwa kazi ya mkataba, na mkataba ulikuwa karibu kuisha, wakubwa wanaangalia nani wamrudishe na nani wamwache. Aliogopa kuomba ruhusa. Alikuwa anampigia mama simu kila jioni. "Mama, nakuja kesho." Mama anajibu, "Sawa baba, nakungoja." Kesho inafika, anasema tena kesho. Si kwamba alikuwa anadanganya. Kila jioni alikuwa anaamini. Mimi nilikuwa nimekaa hapo naona uso wake.

Alipopata ruhusa, mama alikuwa ameshakufa, bado na viatu miguuni.

Hakuna mtu amewahi kumlaumu. Kwa matanga hakuna aliyesema neno. Nafikiri hiyo ndiyo shida. Angekuwa ametukanwa mbele ya watu, angekasirika, angelia, ingetoka. Lakini walimkumbatia wote, wakamwambia pole, naye akarudi Kitengela na ile pole yao ikiwa imekwama ndani.

Kwaresma ilipoingia, ndiyo akaanza.

Jumanne nikaenda kwa Padri baada ya misa ya asubuhi. Padri wetu ni kijana, amesoma sana, lakini ana roho nzuri, anaweza kukaa na wewe hata kwa ngazi ya kanisa. Nikamwambia yote. Nilikuwa naongea nikiangalia viatu vyangu. Nikimaliza, akasema, "Mama, hicho kitu kina jina. Kinaitwa flagellation."

Nikamwomba arudie. Akarudia polepole, kama anayemfundisha mtoto, si kwa ubaya.

Akaniambia limetoka kwa Kilatini. Warumi walikuwa na mjeledi wao ukiitwa flagrum. Halafu ukiongeza kamkia kwa hilo neno, linakuwa flagellum, maana yake mjeledi mdogo, vile sisi tukitaka kufanya mti uwe mdogo tunasema kijiti.

Mimi kusikia "mdogo" nikapata nguvu. Nikamwuliza, "Sasa Fada, hiyo ndogo ndiyo haiumi?"

 Akaangalia lango. "Hapana, mama. Hiyo ndogo ndiyo ilikuwa inaogopwa zaidi."

Akaniambia pia kwamba zamani huko Ulaya, ugonjwa mkubwa ulipokuja, watu walitembea barabarani kwa mistari wakijichapa migongo ili Mungu awahurumie, na Kanisa lenyewe likawakataza. Nikafurahi. Nikasema, "Basi mkataze, Fada. Wewe ndiye Kanisa." Akasema, "Mwambie aje kwa maungamo." Nikasema, "Lakini anakuja. Kila Jumamosi anakuja."

Padri akaangalia chini, akaanza kukunja stola yake, ule utepe wa shingoni, na ilikuwa imeshakunjwa. Hapo nikajua yeye ana mambo yake ya maungamo hawezi kuniambia, na mimi yangu yote nimeshayatoa.  Akanibariki. Nikashukuru.

Nilienda kutafuta msaada nikarudi na Kilatini.

Nikiwa njiani nalirudia tu. Flagellum, flagellum. Nilishangaa kwa sababu hata "mjeledi" lenyewe silitumiagi. Nani hapa Kitengela husema mjeledi? Tunasema kiboko, tunasema nyahunyo, tunasema "nitakuchapa." Mjeledi ni wa rozari tu. Tendo la pili la uchungu, Yesu anapigwa mijeledi. Nimelitaja hilo tendo Jumanne na Ijumaa tangu niolewe, kwa jumuiya, mara nyingi nikiwa nafikiria kama chai itatosha watu wote. Neno linaweza kukaa mdomoni mwako miaka mingi bila kukuuma.

Jioni nikamwuliza Vero, nikijifanya ni kitu cha jumuiya. "Flagellum ni nini?"

"Aah Mum, hiyo ni bayolojia!" Akachukua kalamu akanichorea kidudu kama mbegu ya papai, na mkia mrefu. "Hii ndiyo flagellum. Inapiga maji hivi, hivi, ndiyo kidudu isonge mbele."

"Inajipiga yenyewe?"

"Mum! Inapiga maji. Sasa ijipige kwa nini?"

Nikaendelea kuangalia huo mkia.

Akaona nimekazana, akatafuta kwa simu, maana huyo mtoto akishikwa na kitu hakiachi. Akasema, "Inasema pia ni tawi changa la mzabibu, ile imechipuka tu, nyembamba. Na hapa inasema kuna fimbo wazungu wa zamani walikuwa wanapiga nayo ngano ndiyo itoke kwa maganda, hata jina la hiyo fimbo ilitoka kwa hii flagellum. Kwani jumuiya mnafanya mtihani?"

Nikamwambia aende akalale.

Lakini hiyo ya ngano ilinishika. Kwa sababu fimbo hiyo naijua. Nilipoolewa, mama mkwe ndiye alinionyesha kupiga maharagwe. Unayatandaza juani yakauke na maganda yake, mnakaa wawili na fimbo, mnapiga kwa zamu. Nilikuwa mgeni, nataka kuonekana mchapakazi, napiga kwa nguvu zote, maharagwe yanaruka mpaka kwa kuku. Mama akashika fimbo yangu. "Wewe unapiga kama unapigana na mtu. Hii maharagwe ilikukosea nini? Piga ifunguke tu." Akacheka. Alikuwa na kicheko cha kukohoa. Baba Vero alikuwa amesimama hapo na shati mpya, anatuangalia wanawake wake wawili, na uso wa mtu ameshiba.

Nilitaka kumwambia hiyo. Nilitaka kumwambia, mama yako hakutaka hata ganda lipigwe zaidi ya kufunguka. Lakini nikitaja mama anatoka nje. Hata nikisema "mama Fulani amekuja," macho yanamwenda kando kabla sijamaliza jina.

Jana nikapigia shemeji simu, yule kaka yake mkubwa. Sikumwambia kuhusu kiboko, nilimwambia tu ndugu yako anajilaumu. Shemeji akakohoa. Akasema, "Mama Vero, sikiliza. Mama alikuwa anaogopa hospitali tangu mzee wetu aingie huko asitoke. Huyo kijana hata angekuja siku ya kwanza, mama angetafuta kisingizio kingine. Angesema anangoja mvua. Alimtumia tu. Mwambie."

 Niliona kama nimepewa ufunguo.

Tukinywa chai nikamwambia. Nililipanga vizuri, nikaliweka kwa upole, vile shemeji alivyosema. Baba Vero alikuwa anakoroga chai, na sikuwa nimeweka sukari. Akakoroga mpaka nikamaliza. Akasema, "Kwa hivyo hivyo ndivyo wamekubaliana kuniambia."

"Si kukubaliana, ni ukweli."

"Sawa, Mama Vero."

Hiyo "sawa" yake ndiyo mlango wake. Akiisema umefungiwa nje. Na kusema kweli, hata mimi sijui kama shemeji alisema ukweli ama alisema kitu cha kutuponya. Kwa simu huwezi kujua.

Sasa leo.

Amefika jua likiwa bado liko, amebeba mkate. Akaniachia mkate kwa meza, akapita kuelekea kile chumba, hata hakuketi. Chumba hicho mlango wake ni bati tu tumeegemeza. Nikasikia bati inasogezwa, kisha inarudishwa.

Siku zote nikisikia hiyo bati nawasha redio. Leo mkono ulikataa kuenda kwa redio. Nikachukua kigoda, nikachukua sukuma wiki na kisu na beseni, nikaenda nikaketi nje ya hiyo bati. Nilijiambia, kama atajichapa, achape akijua niko hapa. Pengine ataona haya. Pengine atanihurumia mimi, kama yeye mwenyewe hawezi kujihurumia. Hiyo ndiyo akili niliyokuwa nayo.

Nikakata sukuma. Upepo tu. Ndani kimya. Nikaanza kuamini.

Bati ikasogea. Akanikuta.

"Unafanya nini hapa?"

"Nakata sukuma."

"Jikoni nafasi imeisha?"

Alisema hivyo na karibu atabasamu, na mimi nikatabasamu kwanza, mjinga mimi. Nikamjibu kwa sauti ya upole kabisa, vile mke anamwambia bwana:

"Nafasi iko. Nakungoja tu."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukianguka namna hiyo.  Akashika ukuta.

"Usiseme hivyo."

"Nimesema nini?"

"Usiningoje. Tafadhali, Mama Vero. Uende ndani. Mimi usiningoje."

Akarudisha bati. Nikabaki na kisu mkononi, na ndiyo nikaelewa nimefanya nini. Kati ya maneno yote niliyo nayo, nilimletea hilo. Nilimwekea mwanamke mwingine kwa kiti, mlangoni, anamngoja.

Halafu nikasikia.

Sitaandika nilisikia nini. Nitaandika tu kwamba leo ilikuwa zaidi ya siku zingine, na ilikuwa kwa sababu yangu.

Nilisimama niende, nikaona nikienda atasikia hatua zangu, atajua nimemwacha. Nikaketi. Nikaona nikiketi ananiona kupitia bati hata kama haoni. Nikasimama tena. Sukuma ikamwagika kwa vumbi, nikaanza kuiokota jani moja moja, nikipuliza, nikilia, na Mama Njeri kutoka kwa uzio wake akaniita, "Mama Vero, upepo imekuchezea?" Nikamwambia ndiyo. Upepo.

Alipotoka alikuwa amevaa sweta. Tukala. Alimwuliza Vero habari za shule, akamsifu kwa ile picha ya kidudu ambayo ilikuwa imebaki mezani. Akaigeuza, akaiangalia. "Hii ni nini?" Vero akamweleza inavyopiga maji. Baba Vero akasema, "Ni kazuri." Nilikuwa nimeinamia sahani.

Nimemwuliza Baba Vero pembeni kama naweza kumpaka dawa. Amesema, "Wacha Kwaresma iishe." Nikamwuliza, na ikiisha? Amesema sawa.

Sasa wako sebuleni, mimi niko jikoni na hii simu. Padri ananiambia niombe, na ninaomba. Neno ninalo, najua hata babu ya hilo neno ni nani na lilizaa nini. Naweza kumfundisha mtu. Lakini afadhali ningekuwa sijui hata herufi moja, na nijue tu pa kuweka mwili wangu hiyo bati ikisogea.

Kesho ni Jumamosi, haendi kazi, atakuwa hapa siku nzima. Nikikaa mlangoni, ninamngoja. Nikiondoka, nimemwacha huko ndani peke yake. Niambieni nyinyi wenye mmesoma mkapita darasa la sita: hapo mke anakaa wapi?